Singo ya kwanza ya bendi ya pawa popu, ukiwa Nairobi

Bendi nyingi za magitaa hapa Nairobi huingia studio mapema mno. Wimbo una wiki mbili tangu utungwe, mpiga drams bado anamwangalia mwimbaji usoni ili ajue kiitikio kinaingia lini, sauti ya pili haijapangwa, na saa za studio zinahesabiwa. Kinachotoka ni mazoezi yaliyorekodiwa kwa bei ghali. Muziki wa aina nyingine unaweza kuokolewa kwenye kompyuta baadaye. Pawa popu hauokoleki hivyo, kwa sababu vitu vyake vyote viko mbele ya msikilizaji: melodia inayoshikika mara moja, sauti mbili au tatu zinazopandana, magitaa yanayong'aa, na drams zinazosukuma bila kuchoka. Kimoja kikilegea, wimbo mzima unalegea.

Jina lenyewe alilitumia Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza The Who, mwaka 1967 alipoueleza muziki wa bendi yake. Miaka 12 baadaye, bendi ya The Knack ya Los Angeles ilitoa singo yake ya kwanza, ikakaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 6. Watu hukumbuka zile wiki 6. Sisi tungependa wakumbuke jambo lililotangulia: albamu iliyoubeba wimbo huo ilirekodiwa kwa wiki 2 tu, kwa gharama ya takriban dola 18,000, kiasi kidogo sana kwa rekodi ya kampuni kubwa enzi hizo. Iliwezekana kwa sababu bendi ilikuwa imezipiga nyimbo zake jukwaani hadi mikono ikazijua. Studio ilikuja kunasa kitu ambacho tayari kipo.

Basi kazi inaanzia kwenye wimbo, na wimbo unaanzia kwenye saa.

Chukua kasi ya mapigo 140 kwa dakika. Kipimo kimoja cha mapigo manne kinachukua sekunde 1.7 hivi. Utangulizi wa vipimo 4, ubeti wa 16, kiitikio cha 8, rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) ya 4, ubeti wa pili 16, kiitikio 8, daraja (sehemu inayobadilisha melodia) 8, solo 8, kiitikio maradufu 16, mwisho 4. Jumla ni vipimo 92, yaani dakika 2 na sekunde 38. Kiitikio cha kwanza kinaingia sekunde ya 34. Hiyo ni singo. Ukiona wimbo wenu umefika dakika 4, mara nyingi mhalifu ni mmoja kati ya wawili: utangulizi wa vipimo 16 ambao mpiga solo anaupenda sana, au ubeti wa tatu ambao hausemi neno jipya. Kata. Nyimbo nyingi za benga na rumba zilizotoka hapa Nairobi kwenye santuri za inchi 7 ziligawanywa Sehemu ya 1 upande mmoja na Sehemu ya 2 upande wa pili, kwa kuwa zilihitaji nafasi ya kucheza. Pawa popu hauna Sehemu ya 2. Yote yanasemwa upande mmoja.

Sasa lugha, maana hapa ndipo bendi nyingi zinazoimba Kiswahili zinapojikwaa bila kujua zimejikwaa wapi. Mtu anasikiliza miaka yote nyimbo za Kiingereza, anatunga melodia ya namna ile, halafu anamimina maneno ya Kiswahili ndani yake. Melodia ya Kiingereza hupenda kumalizia mstari kwa silabi nzito. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Ukiliweka neno "sasa" ili silabi ya mwisho ikae kwenye pigo zito na ivutwe, linakuwa "sasaaa", na msikilizaji anahisi kuna mgeni anayeimba. Hatajua kwa nini, lakini ataacha kuamini.

Dawa imo ndani ya ushairi wetu tayari. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Kipimo cha mapigo manne kina nusu-pigo 8. Weka silabi moja kwa kila nusu-pigo na mshororo unajaa kipimo kimoja barabara. Tazama mistari hii miwili:

Simu yako haishiki,
nasubiri hukumbuki.

Hesabu. Katika mstari wa kwanza mkazo uko kwenye silabi ya 1, ya 3 na ya 7. Katika wa pili uko kwenye ya 3 na ya 7. Silabi ya 3 inaangukia pigo la pili, na ya 7 inaangukia pigo la nne, na hayo ndiyo mapigo ambayo snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, inagonga. Yaani ukianza mshororo wa mizani 8 kwenye pigo la kwanza, mkazo wa mwisho na snea vinagonga pamoja, bila kumlazimisha mtu yeyote. Silabi ya nane inadondoka baada ya pigo, nyepesi, kama inavyodondoka mtu anapoongea. Ni bahati kubwa ambayo lugha yetu imeupa muziki huu, na inasikitisha kuona bendi zikiikimbia.

Kwenye kiitikio mambo yanabadilika kidogo, kwa sababu pale sauti inapanda. Noti ya juu kabisa ya wimbo ipewe "a", "e" au "o". "I" na "u" hubana koo, na zikipandiwa na sauti za pili hugeuka filimbi. Ndiyo maana "hukumbuki" inafaa ubeti, chini, na haifai kilele: silabi yake ya mkazo ni "mbu". Jaribu badala yake kitu kama "washa taa, washa taa". Silabi 8, zote "a", mkazo kwenye ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7, yaani kila pigo la kipimo lina silabi yake nzito. Umati unaweza kuupiga makofi na kuuimba mara ya kwanza ukiusikia. Chunga pia "m" inayosimama peke yake, kama ya "mtoto" au "mtaa". Ni silabi kamili na inadai noti yake, lakini mdomo umefungwa, kwa hiyo usiiweke kwenye noti ndefu wala kwenye pigo unalotaka lilipuke. Na neno likizidi, lifupishe jinsi watu wanavyolifupisha mitaani: "nimeshakuambia" ni silabi 7, "nshakwambia" ni 5.

Sauti za pili zipangwe mezani, kabla ya mtu kusimama mbele ya maiki. Waimbaji wengi wa jiji hili wamepitia kwaya na wanaijua solfa, basi itumieni. Andika melodia ya kiitikio kwa do, re, mi, kisha mpe mwenye sauti nyepesi noti ya tatu juu yake. Hapo kuna mtego mmoja unaojirudia. Melodia ikiwa kwenye "so" na magitaa yamehamia kodi ya nne, yaani noti zinazopigwa pamoja kuanzia "fa", sauti ya juu itataka kuimba "ti", na "ti" itagombana na "fa" iliyomo ndani ya kodi hiyo. Ipandishe hadi "do" na ugomvi unaisha. Sauti ya tatu ihifadhiwe kwa kiitikio cha mwisho, ili wimbo uwe na mahali pa kukua. Ubeti wa kwanza uimbwe na mtu mmoja. Wa pili uongezewe sauti kwenye mishororo miwili ya mwisho tu.

Magitaa mawili

Nairobi ni mji uliolelewa na magitaa mawili. Anayejua jinsi solo na ridhimu zinavyojibizana kwenye benga tayari ana nusu ya maarifa ya pawa popu: gitaa mbili zisipige kitu kimoja mahali pamoja. Ridhimu ashike kodi za kujaa karibu na kichwa cha gitaa. Mwenzake apande juu. Kama wimbo uko kwenye A, ridhimu apige A ya wazi, na wa pili afunge kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya 7 na kupiga maumbo ya D, au freti ya 2 na maumbo ya G. Ni kodi zilezile, lakini zinakaa ghorofa nyingine, na kwenye rekodi kila gitaa linasikika.

Ule mng'ao unaosikika kwenye rekodi za zamani za muziki huu mara nyingi ni wa gitaa la nyuzi 12, na gitaa la umeme la nyuzi 12 si rahisi kulipata hapa mjini. Kuna njia ya bei ya chini ambayo mafundi wa studio za Marekani wameitumia miaka mingi. Nunua seti moja ya nyuzi 12. Ndani yake kuna nyuzi 6 za kawaida na nyuzi 6 za kuandamana nazo. Zile za kawaida zifunge kwenye gitaa lako moja. Zile za pili zifunge kwenye gitaa jingine, na umepata magitaa mawili ambayo yakipiga kodi ileile pamoja yanasikika kama gitaa moja la nyuzi 12.

Vipimo vya lile gitaa la pili, kwa elfu za inchi, kuanzia uzi wa kwanza hadi wa sita, ni 10, 14, 9, 12, 18 na 27. Uzi wa kwanza na wa pili unatuniwa kama kawaida. Wa tatu hadi wa sita unapanda oktava nzima. Maana yake uzi wa tatu, G, sasa unalia juu kuliko uzi wa kwanza: hezi 392 dhidi ya 330. Huo ndio utakaokatika. Hukatika kwa sababu tatu: umevutwa haraka mno, ukingo wa chuma pale unapokaa kwenye daraja la gitaa una ncha, au mfereji wake kwenye nati, kile kipande karibu na kichwa cha gitaa, unaubana. Vuta polepole, nusu noti kwa nusu noti, ukiupumzisha. Sugua ukingo ule kwa msasa laini hadi kidole kisihisi ncha. Paka mfereji wa nati risasi ya penseli. Ukikatika tena, tafuta namba 8 badala ya 9.

Nyuzi hizi zina mvuto mdogo, kwa hiyo shingo ya gitaa itarudi nyuma kidogo baada ya siku moja na nyuzi zitaanza kugusa freti za kwanza na kuvuma. Legeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, subiri, kagua tena. Usizidishe robo kwa siku. Na kama gitaa la pili ni la umeme, hakikisha seti ni ya nikeli, kwa kuwa pikapu (sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) hazizishiki vizuri nyuzi za shaba. Ukiwa na seti ya shaba tu, zifunge kwenye gitaa la mbao na ulirekodi kwa maiki, umbali wa sentimita 25 hivi, maiki ikielekea pale shingo inapokutana na mwili, wala si kwenye tundu, maana tundu linavuma.

Kukwaruza kwa amplifaya ni jambo ambalo wapiga gitaa hawapendi kuambiwa. Kiwango cha kukwaruza kinachosisimua jukwaani ni kikubwa mno kwa rekodi. Punguza geini, kitasa kinachozidisha kukwaruza, hadi uweze kusikia kila uzi wa kodi, halafu piga sehemu ileile mara mbili, moja kulia na moja kushoto. Nguvu inatoka kwenye mikono miwili iliyopiga sawasawa. Ukikwaruza sana, kodi ya nyuzi 6 inageuka ukungu, na ukungu huo unakaa mahali palepale ambapo sauti ya mwimbaji ilipaswa kukaa.

Mpiga drams

Wapiga drams wengi wazuri wa Nairobi wamefunzwa na kanisa. Wana masikio, wana nidhamu ya muda, na mikono yao inajua mengi. Tatizo ni kwamba muziki wa sifa huwapa nafasi ya kujaza kila mwisho wa mshororo, na pawa popu hauwapi. Wimbo wa dakika 2 na nusu unabeba mijazo minne au mitano tu: wa kuingia kila kiitikio, mmoja wa kutoka daraja, mmoja wa mwisho. Mijazo hiyo ipangwe, iandikwe, ipigwe vilevile kila mara, hadi msikilizaji aanze kuipiga mezani kwa vidole. Hiyo ni sehemu ya melodia. Mpiga drams anayekubali hili ni lulu ya bendi.

Fanyeni mazoezi kwa kliki (mlio unaohesabu mapigo) kwenye hedifoni, lakini pia piga wimbo wote bila kliki na upime. Ukianza na mapigo 140 na kumaliza na 147, si vibaya kwa jukwaa, ila kwenye rekodi sehemu za kiitikio zilizopigwa nyakati tofauti hazitaunganika. Kipimo chetu cha kuwa tayari ni hiki: wimbo upigwe mara 3 mfululizo bila kosa la kusimamisha, waimbaji wakiwa wamenyamaza. Kama bendi inapotea bila sauti ya mwimbaji kuiongoza, bado.

Chumba, stima na mvua

Studio nyingi za mji huu zimejengwa kwa ajili ya sauti moja na biti. Chumba cha kurekodia ni kidogo, maiki ni moja nzuri, na kadi ya sauti ina viingilio 2. Hakuna ubaya, ila drams hazitaingia. Kabla ya kulipa arbuni uliza maswali matatu: kadi ina viingilio vingapi (4 ni vya chini kabisa, 8 vinatosha), drams zitakaa chumba gani, na paa ni la nini. Swali la mwisho si la mzaha. Paa la mabati bila dari wakati wa masika, Machi hadi Mei, linaweza kukunyang'anya siku nzima.

Watu wengi hukodi studio kwa drams na kumalizia magitaa na sauti nyumbani, na ni mpango mzuri wa pesa. Sebule itafaa ukiitayarisha. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele. Ni karatasi nyepesi, zinavuruga kidogo sauti za juu na zinashika moto haraka. Nenda Gikomba ukatafute mablanketi mazito na mapazia mazito ya mitumba, uyatundike sentimita 10 kutoka ukutani badala ya kuyabandika, kwani ile hewa ya nyuma ndiyo inayosaidia kitambaa kumeza sauti. Godoro lisimame nyuma ya mwimbaji, maana maiki inasikia zaidi kilicho nyuma ya mwimbaji kuliko kilicho mbele ya mwimbaji. Kuhusu honi za matatu na bodaboda, blanketi halitazizuia. Saa ndiyo itakayozizuia. Katikati ya asubuhi, siku za katikati ya wiki, mitaa mingi ya makazi hutulia. Ijumaa usiku kuna kesha, Jumapili kuna vipaza sauti, usijaribu.

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, na mvumo wake kwenye gitaa unakaribia noti ya G ya chini, ambayo ni hezi 49. Kwa hiyo wimbo ulio kwenye G unaweza kuuficha mvumo wakati wote wa kurekodi, hadi magitaa yanyamaze na uusikie umebaki peke yake. Sikiliza ukimya kabla ya kuanza. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja yenye ardhi nzuri, tumia kisanduku cha DI (cha kuunganisha ala moja kwa moja na kadi ya sauti) chenye swichi ya kukata ardhi ya kebo ya sauti, na usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi, kwa sababu anayeshika gitaa na kugusa maiki kwa mdomo ndiye atakayelipa. Gitaa lenye pikapu za koili moja lizungushe polepole ukiwa umekaa, kuna pembe ambayo mvumo unapungua sana. Kaa pembe hiyo.

Stima ikipotea katikati ya kurekodi, faili iliyokuwa wazi inaweza kuharibika. Kompyuta na kadi ya sauti vikae kwenye UPS (betri ya dharura), hata ndogo, ili upate dakika chache za kuhifadhi kazi. Amplifaya ibaki ukutani, ni nzito mno kwa UPS ndogo. Na stima ikikatika, chomoa amplifaya. Stima hurudi kwa kishindo. Subiri dakika 5 ikitulia ndipo uchomeke. Amplifaya iliyotoka Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma yenye uwezo unaozidi wati zake, si adapta ya plagi peke yake.

Maiki nne kwenye drams

Njia iliyopewa jina la Glyn Johns, fundi wa sauti wa Uingereza, inaufaa mji wenye maiki chache. Maiki moja iko juu ya snea, karibu mita 1, ikitazama chini. Ya pili iko upande wa kulia wa mpiga drams, kimo kidogo juu ya ukingo wa ngoma ya sakafuni, ikiielekea haihati (matoazi mawili ya kufungwa kwa mguu) kupitia juu ya snea. Ya tatu mbele ya kiki, ngoma kubwa ya mguu. Ya nne, ukipenda, ni maiki ya aina ya SM57 kwenye ukingo wa snea.

Siri yote iko kwenye kipande cha uzi. Funga ncha moja katikati ya snea, vuta hadi maiki ya juu, shika alama kwa vidole, kisha peleka uzi uleule hadi maiki ya pembeni. Umbali lazima ulingane. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde, na tofauti ya sentimita 15 tu inatosha kuifanya snea isikike nyembamba, kama kopo, maiki hizo mbili zinapochanganywa. Ukishapanga, zisikilize zote mbili pamoja katikati. Kisha igeuze fazi (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya maiki ya kiki na uchague upande unaotoa mshindo mzito zaidi. Watu hutumia saa nyingi kurekebisha snea kwenye kompyuta wakati kosa lilikuwa uzi.

Ngozi ya snea iwe mpya, na iwe imechezewa siku moja ili ijinyooshe. Kiki iwekewe blanketi moja ndani, liguse ngozi zote mbili kidogo. Matoazi yapigwe kwa upole kuliko snea. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, na hakuna kitufe cha kulirekebisha, maana maiki za juu zinabeba vyote pamoja.

Besi ipitishwe DI moja kwa moja, ipigwe kwa kipiki, nyuzi mpya. Maiki ya amplifaya ya gitaa ikae sentimita 3 kutoka kwenye kitambaa, ielekezwe pale koni inapokutana na kifuniko cha katikati. Ukiisogeza kuelekea katikati inakuwa kali, nje inakuwa nene. Sogeza kwa upana wa kidole, sikiliza, kabla ya kugusa kitasa chochote.

Sauti za waimbaji ndizo zipewe muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Kama mna saa 12 kwa jumla, tenga 5 kwa sauti. Mwimbaji awe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, kichujio katikati, aimbe wimbo wote mara 4, ndipo mchague mishororo. Sauti za pili ziimbwe na watu wawili kwenye maiki moja ikiwezekana, wakitazamana, ili wamalizie silabi pamoja. Makofi na tari virekodiwe mbali, mita 2 na zaidi. Makofi ya watu 3 yaliyorudiwa mara 3 yanatosha kuwa umati.

Kwenye kuchanganya, jaribu kwanza kwenye simu iliyowekwa mezani. Spika yake ni ndogo na mara nyingi ni moja, kwa hiyo magitaa ya kulia na kushoto yanarundikana, na kama moja linameza jingine utalijua hapo. Kisha hedifoni za bei ndogo. Kisha, ukimpata dereva mwenye moyo mzuri, ndani ya matatu, ambamo besi imeongezwa hadi mwisho. Kiki na besi zikigeuka tope huko, punguza besi chini ya hezi 60. Masta, yaani rekodi ya mwisho, isipite kilele cha −1 dB. Spotify husawazisha nyimbo karibu na −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), hivyo kuibana rekodi hadi isipumue hakutaifanya isikike kubwa kuliko jirani yake. Kutaifanya ichoshe tu.

Karatasi

Hakimiliki inaanza wimbo unaporekodiwa au kuandikwa, lakini kuusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi. Kabla ya kupakia popote, andikeni karatasi moja: nani alitunga maneno, nani melodia, asilimia ngapi kila mmoja, jumla 100, sahihi za wote. Ifanyeni wimbo ukiwa bado hauna pesa. Halafu elewa kwamba haki ni tatu: ya mtunzi, ambayo MCSK iliundwa kuisimamia, ya mpigaji na mwimbaji, ambayo ni ya PRISK, na ya mwenye rekodi, ambayo ni ya KAMP. Leseni za vyama hivi hubadilika, kwa hiyo ulizia KECOBO hali ya mwaka huo. Mpiga besi ambaye hakutunga hata silabi bado ana haki yake kama mpigaji, na wengi hawajui.

Kila rekodi inapewa namba ya ISRC, herufi na tarakimu 12. Toleo la ala peke yake linahitaji namba yake. Jina la bendi liandikwe vilevile kila mahali, hadi nukta, vinginevyo wimbo utatua kwenye ukurasa wa watu wengine. Jalada liwe pikseli 3000 kwa 3000. Msambazaji apewe faili wiki 4 kabla ya siku ya kutoka, kwa sababu Spotify inataka ombi la kuwekwa kwenye orodha zake angalau siku 7 kabla. Albamu ya kwanza ya Big Star ya Memphis, mwaka 1972, ilisifiwa na wahakiki na haikuuzwa, kwa kuwa haikufika madukani. Wiki 4 si nyingi. Kwa Skiza, huduma ya Safaricom ya wimbo unaosikiwa na anayepiga simu akisubiri, utapitia kampuni yenye mkataba na Safaricom, na kipande cha kutuma kianzie pigo moja kabla ya kiitikio. Usitume utangulizi, anayepiga simu hasubiri vipimo 4.

Mwisho, hifadhi kazi yote kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti: faili za kila maiki, toleo la ala, toleo la sauti tupu, na karatasi yenye kasi ya wimbo, ufunguo wake, na vipimo vya nyuzi za lile gitaa la pili. Mtazihitaji singo ya pili ikifika, kwa maana kuna mtu atauliza ule mng'ao ulitoka wapi, na nyuzi zitakuwa zimeshabadilishwa.